Filamu ya Pamba ya Mzee Lubinza

Mzee Lubinza alikuwa mtunza filamu za elimu hapa Shinyanga. Mwaka 1998 zilipohamishiwa kwenye CD, yeye ndiye aliyezikagua. Alitazama mwanzo wa kila CD, akatia saini, kisha akachoma mikanda ya zamani iliyokuwa imeanza kuoza na kunuka siki.

Jana nilimwomba anionyeshe filamu ya kilimo cha pamba. Marehemu mkewe alipigwa picha humo akivuna, na mzee hana picha yake nyingine.

"Atatokea dakika ya kumi na mbili, ng'wanawane, mwanangu. Alinishinda kuvuna, ila usimwambie mtu!"

Dakika ya tisa picha ikaganda.

"Babu, mkanda wenyewe uko wapi?"

"Niliuchoma mimi."

Akaifuta CD kwa shati, akairudisha mashineni. Ikaganda palepale.