Ghala Lililokuwa na Jina la Baba Mkwe Wangu

Siku ile dukani, Kyela mjini, tulikuwa wanne. Mimi. Binti yangu wa mwisho, aliyesomea kompyuta Mbeya. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tuliyezeeka naye ua mmoja kule Mwaya. Na mwenye duka, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Alikuwa ameacha kuuza vitenge akaweka kompyuta mbili. Mwanangu wa kwanza hakuwapo, alikuwa Dar es Salaam, lakini kazi ilikuwa yake. Majina yao ninayo, na ya baba zao, ila humu siandiki la mtu. Nikiandika ya hawa, wale nisioweza kuwaandika nitakuwa nimewazika mara ya pili.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu. Ninachojua ni watu. Wifi naye alikuwa hivyohivyo, akaandika ukoo wao mzima kwenye daftari, mpaka mafuriko yalipoingia Mwaya daftari likawa uji. Kwa bahati, mwanangu wa kwanza alikuwa ameshalinakili kwenye kompyuta ya ofisini kwake. Miaka ile mashirika yalikuwa yanauzwa na watu wanapunguzwa kazi, kwa hiyo akayapeleka majina ghalani. Ndivyo alivyopaita: mahali kwenye mtandao ambapo watu wa kazi yake huweka mafaili yao, kwenye mashine za nchi ya mbali. "Huko maji hayafiki, mama," alisema. Kisha akatutengenezea tovuti ya ukoo. Na kweli akapunguzwa, kompyuta ikabaki ofisini na kila kitu chake.

Sasa siku ile tulikwenda kuiona tovuti kwa mara ya kwanza. Binti akafungua. Wifi akasogeza miwani, akasoma kwa sauti jina la juu kabisa. La baba yake. Baba mkwe wangu.

Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, wala hakai pale linapotajwa. Tunaita ukutila. Hata maneno yanayofanana na jina lile nimeyakwepa tangu niolewe. Nilijifunika kitenge usoni nikatoka barazani.

"Wifi, rudi!" alicheka yule. "Mzee kafa zamani, unakimbia kioo?"

"Wewe cheka. Kwako ni baba, kwangu ni mkwe."

"Ingia, bibi," mwenye duka akaniita. "Tumeshamfunika mzee kwa karatasi."

Kweli alikuwa amebandika karatasi kwenye kioo. Nikaingia, nikakaa nimeipa kompyuta mgongo. Nikamwambia binti, "Liondoe. Nitaitazamaje tovuti ya ukoo wangu nimejifunika?"

Akatafuta, akatafuta. "Mama, jina halimo humu. Ukurasa wetu wenyewe ni mtupu, una agizo tu: nenda ghalani, chukua, onyesha. Mtu akiufungua, ndipo unapokwenda kuchungulia kule."

"Basi liondoe hukohuko."

"Shangazi, unasemaje?"

"Mridhishe mama yako," wifi akasema. "Mimi baba yangu namjua bila kioo."

Binti alikuwa amepewa neno la siri na kaka yake. Akaingia ghalani, akabonyeza kufuta. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Akakubali. Ikamuuliza tena, ikataka aandike jina la ghala. Akasita, na mimi huku nyuma nikamhimiza, "Maliza, maliza." Sauti yangu ile ninaisikia mpaka leo.

Aliporudi kwenye ukurasa, juu paliandikwa Ukoo Wetu, na chini hapakuwa na mtu hata mmoja.

Mwenye duka akampigia mwanangu simu. Mwanangu akataka asomewe kilichobaki kwenye kioo. "Hamkufuta jina," akasema. "Mmefuta ghala zima. Jina moja lingerudi, maana ghala hukumbuka ya jana. Likifutwa lenyewe, basi." Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Acheni kulia," wifi akasema njiani. "Tukimaliza kuvuna mpunga nitayataja upya, mtoto aandike."

Hatukumaliza. Alianguka shambani, mdomo ukapinda, ulimi ukafa. Tukamzika mpunga mwingine ukiwa bado umesimama.

Binti akakaa na mimi, nikamtajia watu wa kwetu Ngana, nilikozaliwa, wote, na wanangu wote, walio hai na waliokufa. Tukafika kwa baba wa mume wangu. Huyo ninamjua, na ndugu zake wanaume, ambao nao ni wakwe zangu. Nikafungua mdomo, ukakataa.

"Basi usitaje, mama. Andika."

Nikashika kalamu. Mkono nao ukakataa. Ningekuwa nimesahau, ningepumzika.

Leo ukurasa unaonyesha watu wangu, kisha nafasi tupu, kisha mume wangu, kama mtu aliyejizaa mwenyewe. Watu wa rika la wifi wamekwisha. Nimeuliza mpaka Ndandalo, vijana wanasema "babu" tu, hawajui zaidi. Jina la mzee binti alilisikia dukani, ila haliweki, nisije nikaukimbia ukurasa; ya ndugu zake ninayajua mimi peke yangu, na nikizikwa, nafasi ile haitajazwa tena.

Kama mahali nimepotosha, kama mwenye duka alikuwa na kompyuta tatu au wifi alianguka kabla ya kuvuna, nisahihisheni. Na kama yuko aliyewahi kumsikia wifi akiwataja wazee wake, asiniambie mimi. Amwambie binti yangu. Mimi nitatoka nje kwanza.