Kiti Namba Ngapi, Mwanangu?

Saa saba na nusu mchana, kengele ya oda inalia kwa mara ya arobaini tangu asubuhi. Pyo Myeong-suk, miaka 54, hageuki.

"Nimesikia, baba, nimesikia," anaiambia mashine.

Ni mpishi katika ukumbi wa michezo ya kompyuta karibu na chuo kikuu mjini Jinju. Viti ni 112. Wanafunzi huagiza kwenye skrini zao, naye huwapelekea tambi za supu, wali wa kukaanga na nyama ya nguruwe. Magoti yameanza kumgomea.

Nyama huikata kwa mkasi vipande vidogo, ili mtu adokoe kwa mkono mmoja, mwingine ubaki kwenye kipanya. Hakuagizwa. Alimhurumia kijana mmoja aliyeacha chakula kikapoa, miaka sita iliyopita. Sasa wote wanataka hivyo.

"Mama mdogo, umenisahau? Nimeshakufa mara mbili huku!" anaita kijana wa kiti cha 47.

"Ukifa ya tatu, njoo ule mezani kama watu."

Haji. Hawaji kamwe. Meza ya kulia iliyo pembeni sasa inawekewa makoti.

"Kosa ni langu," anasema Myeong-suk, akifuta mkasi. "Mimi ndiye niliyewazoesha."

Zamani jambo hili halikumkosesha usingizi. Lakini mwezi uliopita alimpigia simu mwanawe wa pekee, Seung-yeop, anayesoma chuo katika mji wa Cheongju. Kijana akasema yuko maktaba na amekula vizuri. Nyuma yake ikalia kengele. Ile ile ya oda.

"Nilichoka ghafla," anasema. "Nikawaza, kuna mama mwenzangu huko anamkatia mwanangu nyama."

Hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Kiti namba ngapi, mwanangu?"

Kijana akajibu: "Thelathini na mbili, mama."

"Haya. Waambie waongeze yai."

Jumatatu ijayo ni zamu yake ya kupumzika. Atapanda basi la asubuhi hadi Cheongju. Habebi chakula.

"Nitalipia kiti cha thelathini na tatu," anasema. "Niagize nyama, nimwombe yule mama asiikate. Kisha nimwambie Seung-yeop anikatie. Hapo hana budi kuachia kipanya."

Kengele inalia. Anaushika mkasi, anautazama kidogo, anautundika tena kwenye msumari ukutani. Nyama ya kiti cha 47 inaondoka nzima.