Aliyeunga na Aliyepaka Rangi

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyepaka rangi kila alichokiunga. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbao. Maneno ya mpaka rangi yalikuwa mengi kuliko makopo yake, ya Cheche ya kuhesabika.

Siku moja asubuhi, reli ya ngazi waliyoiweka kwenye nyumba moja ya ghorofa iliachia. Mwalimu wa kike aliyekuwa akishuka na ndoo ya nguo aliiegemea kidogo tu, chuma kikang'oka, naye akaanguka mpaka uani. Nyonga ikavunjika.

Wapangaji walikaa kikao, na mkosaji akapatikana upesi: mwenye nyumba, bahili wa kutupwa, aliyenunua mabomba membamba ya reli. Fundi hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Mpaka rangi, aliyekuwa amejibanza nyuma akisikiliza, alirudi karakana akipiga mluzi.

"Tumeponea chupuchupu, shemeji. Mabomba yake, ubahili wake, mzigo wake."

Cheche alikuwa amekaa, miwani ya kazi mkononi. "Bomba halikukatika," alisema. "Nimekwenda kuliangalia. Limeachia pale pa kuunga. Ilitakiwa nizungushe moto pande zote. Nilishikiza nukta mbili tu za moto nikaondoka."

"Si alikuwa anakuharakisha yule mzee mwenye nyumba? Alikusimamia kichwani kama mnyapara."

"Alinihimiza. Hakunishika mkono."

"Na nani anajua?"

"Mimi. Na wewe uliyepaka."

Ni kweli mpaka rangi alikuwa ameziona zile nukta. Alikumbuka brashi ilivyozama kwenye pengo, na alivyorudia rangi mara ya pili ili pengo lizibike.

"Wiki ile niliunga hivyo hivyo nyumba nyingine nne," Cheche aliendelea. "Huko hakuna aliyeanguka. Sasa niambie, huko mimi ni fundi mzuri?"

Mchana walikwenda hospitali wote wawili. Mwalimu alikuwa amelala chali, mguu umevutwa kwa uzito. Cheche alimweleza bila kuzunguka, na alipomaliza mpaka rangi akaongeza, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, "Na mimi niliona, mwalimu, nikapaka."

"Nilikuwa nimeshamchukia mwenye nyumba, nimemaliza," mwalimu alisema. "Mnakuja kuniambia ili iweje? Nyinyi mpumue?"

"Hapana," Cheche alijibu. "Ili ujue. Ukitaka kutushtaki, karakana iko nyuma ya duka la mbao."

"Nendeni."

Wakaenda. Kesho yake walikodi mkokoteni, wakapakia mashine, wakaanza zile nyumba nne. Hakuna aliyewapokea kwa furaha. Fundi anayerudi bila kuitwa hutiliwa shaka kuliko anayekimbia na kazi ya watu. Mlinzi mmoja aliitikisa reli kwa mikono miwili. "Mbona imara kama mlima?" Cheche akagonga nyundo mara moja tu, ikalegea. Mlinzi akawafungulia lango, mkokoteni ukaingia. Mpaka rangi alikwangua rangi yake mwenyewe siku tatu, vidole vikachubuka, na kila alipomtazama shemeji yake akizungusha moto taratibu, alijiona mdogo, lakini hakutamani kuwa mahali pengine.

Habari zilienea, na wateja wakapungua. Miezi miwili walikula kwa kubana.

Mwalimu hakuwashtaki, wala hakuwasamehe. Alirudi nyumbani akitembelea fimbo, na akipita karakana hakugeuza shingo. Ila jirani yake alipotaka madirisha ya chuma, inasemekana alimjibu: "Nenda kwa yule aliyenivunja nyonga. Kwa sasa hakuna anayeunga kama yeye." Jirani akaenda, na baada yake wengine.

Mpaka rangi aliposimuliwa hayo alicheka hadi machozi. Siku hizi, kabla ya kufungua kopo, hupitisha kidole kwenye kila kiungo. Mara mbili amewahi kusema, "Shemeji, hapa bado." Mara zote mbili Cheche alivaa miwani akarudi kazini, wala hakubisha.