Kipande cha Bonde Ambacho Hakikulimwa

Asifiwe Mungu aliyeumba vitu vyenye kazi, akaumba na vile ambavyo kazi yake hatukuambiwa, kisha akanilinda mpaka nikapata mvi za kusimulia.

Enzi zetu, wakati wa Mwingereza, baridi ya kati ya Njombe na Makambako haikumwacha mtoto akae kitako. Asubuhi za Julai nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, nasi tulikwenda shule miguu mitupu, tukisimama pale ng'ombe walipolala ili tuibe joto lao. Tulikula ugali wa ulezi na njegere, tukanywa togwa, na jioni tukateleza mlimani juu ya maganda ya miwati, ile miti iliyopandwa ili magome yake yauzwe, mpaka nguo zikatoboka. Mama alisema, "Teleza tu, Jumapili utavaa matobo." Wajukuu zangu wakiguswa na umande, wanaulizia soksi.

Bondeni kila nyumba ilikuwa na vinyungu vyake, matuta ya kiangazi ya mahindi na maharage yanayokunywa unyevu wa chini wakati mashamba ya juu yamekauka. Kati ya vinyungu vyetu na vya jirani, Baba Yeremia, palikuwa na kipande kidogo. Baba alisema ni chake, na Baba Yeremia naye alisema ni chake. Hawakusalimiana tena. Wakikutana njiani, baba aliinama kukagua kidole cha mguu kama kimechomwa na mwiba.

Sasa ikakaribia Jumapili ya Meza ya Bwana, siku ya kupokea mkate na divai. Kwetu wazee wa kanisa walipita siku iliyotangulia, nyumba kwa nyumba, wakiuliza, "Una ugomvi na mtu?" Aliyekuwa nao alibaki kwenye benchi, watu wote wakimtazama. Na safari hii dada yangu Eliza alikuwa anakwenda mezani kwa mara ya kwanza, akitaka baba awe naye.

"Baba Rehema," mama alimwambia, akimwita kwa jina langu, "utamwacha mtoto aende kama yatima?"

Baba akatembea uani huku na huko, kisha akapata wazo. "Nitakilima. Kikishalimwa, ugomvi umekwisha."

"Umekwisha kwako," mama akajibu.

Ijumaa asubuhi nilimfuata baba na kikapu cha mbegu. Nyasi za bonde zilikuwa zimechomwa, mvua bado. Juu ya majivu meusi kipande chote kilikuwa kimetoa maua ya zambarau, bila jani hata moja. Hayaliwi, si dawa, na mbuzi huyanusa wakapita. Ng'ambo yake alisimama Baba Yeremia na jembe begani. Naye alikuwa amepata wazo lile lile.

"Haya, piga jembe," akasema. "Si lako?"

"Anza wewe. Si ulirithi?"

Hakuna aliyeanza. Baba alihama kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Mwisho akasema, kama anaongea na majivu, "Mwaka huu yamezidi."

"Yamezidi," Baba Yeremia akaitikia. "Jana nilimleta Mama Yeremia ayaone. Kanicheka, ati nimezeeka."

Wakageuka, kila mtu kwake.

Asubuhi ile haijaniacha. Mchungaji alitufundisha kwamba kila kiumbe kina kazi yake: ng'ombe maziwa, mwati gome. Nami nilihangaika, maua yale je? Nikaona kwamba ardhi waliitaka wote wawili, lakini maua hakuna aliyeyataka kwa lolote. Walifurahi tu kwamba yapo, na kila mmoja alitaka mwenzake akiri kuwa ni mazuri. Labda Mungu hutuzoeza hivyo: mtu akiweza kufurahia kitu asichokusudia kukichukua, amekaribia kumtazama jirani yake vivyo hivyo. Nasema labda. Maua hayakumfanya baba kuwa mwema, kwani Jumamosi aliwaambia wazee, "Ugomvi ninao," na mama akalia jikoni.

Jumapili Eliza alisimama, akatazama upande wa wanaume, akaanza kwenda peke yake. Baba akanyanyuka, akavuka mpaka benchi la Baba Yeremia.

"Kile kipande bado ni changu," akanong'ona, kanisa zima likasikia.

"Ni changu."

"Basi tusikilime."

Baba Yeremia akasimama. "Tusikilime."

Wakashikana mikono. Mzee mmoja wa kanisa alitaka kuuliza jambo, mchungaji akamtikisia kichwa. Wakaenda mbele pamoja, nyuma ya Eliza.

Siku hizi vijana wanashuka bondeni na simu, wanayapa maua mgongo ili wapige picha nyuso zao. Mjukuu wangu wa Makambako anauliza tupande nini kwenye kile kipande, parachichi au miti ya mbao, kwa kuwa pamekaa bure. Nimemwomba aje tukae pale kwanza, siku moja tu, kabla hatujaamua. Bado ana shughuli. Shida za enzi zetu sizitamani zirudi. Lakini watu walikuwa na nafasi ya kusimama mbele ya kitu, wakasahau walichokuja kufanya, na hilo silioni tena. Nami sijui nitamwachia nani kulikumbuka.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akupe macho yasiyo na haraka, akupatanishe na mtu wa jirani yako, na nyumba yako aijaze amani. Amina.