Siku Namba Tisa Alipotolewa

Mume wangu amefundisha mpira katika kata yetu, upande wa Sepuka, tangu mtoto wetu wa kwanza akiwa mgongoni, na mtoto huyo sasa ana watoto wake. Hana cheti cha ukocha. Ana filimbi, ana mipira miwili, ana koni alizokata kwenye madumu ya mafuta, na ana mimi wa kufua jezi. Kwa ligi ya wilaya hayo yanatosha. Kwa ligi ya mkoa hayatoshi. Huko kanuni inataka mwalimu mwenye cheti, na mwenye cheti katika kata yetu ni kijana mmoja anayefundisha sekondari, ambaye alikuwa amekwisha kuulizwa na akakubali.

Kwa hiyo tulipofika mchujo, mechi moja tu ya kuamua nani apande, mambo yalikuwa wazi ndani ya nyumba yetu. Tukishinda, timu inakwenda kwa yule kijana. Tukifungwa, inabaki kwa mume wangu. Yeye mwenyewe alinitamkia, siku tunapiga alizeti uani. "Tukipanda tu, mke wangu, nawakabidhi filimbi yao narudi nyumbani." Nikamwuliza kurudi nyumbani ndiyo kufanya nini. Akanyoosha fimbo kwenye chumba chetu cha pili, ambacho kuta zake zimeishia kwenye lenta miaka nenda rudi, ndani zimeota mbigili. "Kile kitaezekwa," akasema.

Basi mimi nikaanza kuipenda timu. Kabla ya hapo nilikuwa nazifua zile jezi kwa hasira mpaka zikapauka. Timu ile ilikuwa imekula jioni zangu zote. Nilipolazwa kufanyiwa upasuaji alikuja wodini baada ya mazoezi, na soksi za mpira miguuni. Lakini wiki zile nilinunua sabuni ya maana, nikazipiga jezi pasi ya mkaa, nikawapikia vijana uji wa uwele wakitoka kukimbia. Kanisani niliomba tushinde. Wenzangu wa kwaya wakacheka, wakasema mama kocha mwaka huu kapagawa na mpira. Nikawaacha waseme.

Tulikwenda mjini kwa Fuso, wachezaji na mashabiki tumesimama pamoja nyuma. Ilikuwa mwezi wa saba, na upepo wa mwezi wa saba mchana kila mtu wa Singida anaujua. Wapinzani walitoka Mkalama, upande wa Kinyangiri, vijana warefu wenye afya, ungedhani wameachishwa maziwa juzi. Kipindi cha kwanza upepo ulikuwa mgongoni kwetu. Namba tisa wetu, fundi baiskeli mfupi mwenye matege, aliwasumbua mabeki wao mpaka wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Kabla ya mapumziko akawapita wawili, akauweka mpira kwenye kona ya chini.

Niliruka. Mwanamke mwenye wajukuu niliruka mpaka kilemba kikadondoka, nikapiga vigelegele, nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Halafu nikageuka kumtafuta mume wangu kwenye benchi. Alikuwa ananitazama mimi, si uwanja. Nikampungia mkono. Hakunipungia.

Walipotoka mapumziko, namba tisa alikuwa amekaa benchi, kamba za viatu zimefunguliwa. Mahali pake ameingia beki.

"Mwalimu, huyo ndiye anayewashika!" watu walipiga kelele.

"Tunalinda," mume wangu akajibu bila kugeuka.

Namba tisa aliniona nimesogea karibu na kamba. "Shikamoo mama," alisema, kama vile ndiyo kwanza tumeonana. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwani nimekosa nini?"

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. Na kweli sikujua.

Sasa upepo ulikuwa usoni kwetu na mbele hatuna mtu. Kila mpira tuliopiga ulirudi. Hata hivyo tulikuwa tunaongoza, na mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu mabati.

Hapo ikaja ile ahadi. Kata yetu ina vijiji viwili ambavyo havikuwa na kijana hata mmoja katika kikosi kilichoanza, na vijiji hivyo vilikuwa vimetoa magunia ya alizeti ya kukodi Fuso. Wazee wao walikuja nyumbani, nikawapa chai, na mume wangu akawaahidi mbele yangu kwamba kila kijiji kitamwona mtoto wake uwanjani. Ilikuwa haki yao. Sikuwa na neno. Lakini aliwaingiza wale vijana wawili kwa pamoja, mchezo bado mrefu, akawatoa kiungo wetu na beki wa kulia. Ahadi ni ahadi, lakini dakika tano za mwisho nazo zimo ndani ya mchezo. Kijana akiingia dakika tano za mwisho, kijiji chake kimecheza. Mimi nisiyejua hata kupiga danadana nililijua hilo, na yeye aliyenifundisha mpira alilijua zaidi.

Kanuni za mchujo ziliruhusu kubadilisha watatu tu, na watatu walikuwa wamekwisha. Muda mfupi baadaye kipa wetu akagonga mwamba, bega likateguka, akatolewa akilia. Hakukuwa na wa kumwingiza. Mmoja wa wale vijana wawili alidaka shuleni, na watu wa kijiji chake walilisema hilo kwa sauti kubwa. Mume wangu akamwita beki wa kati, mchezaji pekee aliyekuwa bado anatuweka hai, akamvalisha glovu ambazo hazikumwenea na kumpeleka golini.

Goli la kwanza lilipita pale ambapo beki huyo angekuwa amesimama. La pili lilipigwa kutoka mbali, upepo ukalisukuma, mpira ukadunda mbele yake ukampita begani. Niliuona ukienda wavuni na sikusikia kitu. Nilisubiri uchungu uje, haukuja. Nikaokota kilemba changu, nikakikung'uta vumbi, nikajifunga.

Kwenye Fuso hakuna aliyeimba. Mtu mmoja alitukana kwa Kinyaturu, tusi ambalo kwa Kiswahili lingeonekana adabu, halafu akasema mwalimu ameuza mechi. Mume wangu alikuwa amekaa mbele na dereva, hakusikia. Mimi nilisikia, na nilijua si kweli. Mtu anayepokea fedha huonekana, na sisi chumba chetu hakina hata bati moja.

Kesho yake wazee wa vile vijiji viwili walikuja na jogoo. Walikuja kushukuru kwamba vijana wao walicheza. Wakanywa chai, wakasema mpira una matokeo matatu, wakaaga. Nilimchinja yule jogoo, nikampika, tukala. Hakuwa na ladha yoyote, na chumvi nilitia.

Jumatatu nikatoa jezi uani. Mume wangu alikaa kwenye kigoda karibu na beseni, anashona mpira uliochanika. Alikuwa anashona kwa utulivu. Nikamwuliza, si kwa ugomvi, sikuwa nao.

"Namba tisa ulimtoa kwa nini?"

"Nilitaka tulinde."

"Tulinde nini?"

Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Lile goli lilipoingia nilikuangalia," alisema. "Miaka yote hii unakuja uwanjani, sijawahi kukuona ukiruka."

"Nilifurahi."

"Nilikuona. Na nilijua unafurahia nini."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji. Nilitafuta hasira, maana ninayo ya kutosha na kwa kawaida haiko mbali. Nilitafuta hata huruma, kwa sababu ni mzee wangu na timu hiyo ndiyo kitu pekee alichowahi kuongoza. Sikupata chochote. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya, unaugusa na hausemi.

"Ulitaka kushinda?" nikamwuliza.

Aliugeuza mpira akaukagua upande wa pili. "Sijui, mke wangu," alisema. "Kweli tena, sijui." Akainuka, akachungulia kile chumba kisicho na paa, akachukua humo pampu ya baiskeli, kwa sababu ndimo anamohifadhi vitu vya timu. "Jumatano tunaanza mazoezi," akaniambia, akakaa kuujaza mpira upepo.

Nikaendelea kufua. Jezi za wengine zilinichukua asubuhi nzima, na ile ya beki aliyedaka ilikuwa na udongo mpaka kwenye mishono. Namba tisa niliiacha ya mwisho. Ilikuwa imechezewa nusu mechi tu. Ilitakata kwa maji ya kwanza.