Wajane wa Mama Mkwe

Naona haya hata kuanza, lakini kwa kuwa shemeji zangu wameshaisimulia habari hii Bunda nzima na kila mmoja ameitia chumvi yake, bora niiseme mwenyewe: mimi, na digrii yangu, nilisimama msibani Butiama mbele ya wakwe zangu wote nikatangaza kwamba mama mkwe ameacha wajane wawili.

Nina programu ya kuandikia niliyoinunua zamani, mara moja, kama mtu anavyonunua jembe, na miaka yote hiyo hakuna aliyenidai. Ndiyo niliyoandikia makala zangu, barua za kwaya na wasifu wa marehemu (ukishajulikana pale kwetu Nyakato, Musoma, kwamba una kompyuta na umesoma chuo kikuu, watu wakifiwa wanakukumbuka wewe kabla ya mchungaji). Niliiweka ya Kiswahili kabisa, kwa uzalendo. Siku moja kikatokea kidirisha kikasema kuna toleo jipya, bure, nikubali? Nikakubali, nani anakataa cha bure, na yale maandishi madogo ya chini sikuyasoma, mimi ambaye nawafokea wanangu kila siku kwa kutosoma maelekezo.

Kisha mama mkwe akafariki. Kwa wakwe zangu, mkwe mwanamume hasemi hovyo. Anakaa pembeni, anakula pembeni, hata kicheko chake anakipima. Kwa hiyo kaka mkubwa wa mke wangu, Wambura, aliponipigia akasema, "Shemeji, wasifu wa mama tumekuachia wewe," nilijua nimepewa heshima ambayo si kila mkwe anapewa. Mke wangu, Nyangeta, aliposikia akalia upya. "Usiniangushe," akaniambia. "Ni mama yangu huyo."

Sasa niwaambie jinsi ninavyoandikaga wasifu (mnisamehe, wote niliowaandikia). Sianzi upya. Nafungua wa mwisho, nabadilisha majina. Na wa mwisho ulikuwa wa baba yangu mdogo Magesa wa Manyamanyama, mfuga ng'ombe, wake wawili, na ujana wake wote mlinda mlango wa timu ya kata. Jioni ile nikabadilisha nusu ya juu, macho yakachoka, nikasema ya chini nitamalizia kesho hukohuko Butiama, kazi ya kikombe kimoja cha chai.

Kesho yake, chini ya turubai, nafungua kompyuta, maandishi yapo, lakini nikibonyeza herufi haiingii. Nabonyeza tena, haiingii. Juu kuna mstari mwekundu: "Muda wa majaribio umekwisha. Unaweza kusoma tu. Jiunge kwa malipo ya kila mwezi." Kila mwezi? Majaribio gani? Hii si niliinunua? Ilikuwa kama kwenda shamba ukakuta jembe lako limetiwa kufuli, na aliyekuuzia anasema sasa linakodishwa. Nikasema potelea mbali, nilipe. Ikataka kadi ya benki, kadi yangu ikakataliwa, na pesa za simu hata haikutaka kuzisikia.

Nyangeta akainama sikioni kwangu. "Si uandike kwa kalamu? Nikuletee karatasi, muda bado upo."

Hapo ndipo nilipojichimbia. Kalamu! Mimi, mtu wa kompyuta, mbele ya wakwe! Nikamwambia, "Nitasoma humuhumu. Ya kubadilisha nitabadilisha kichwani."

Nusu ya juu ilikwenda vizuri mno, wazee wanaitikia kwa vichwa, akina mama wanafuta machozi, na mimi (nikishika kipaza sauti huwa najipenda) nikanogewa, nikavuka mpaka bila kuuona. "Katika ujana wake, marehemu alikuwa mlinda mlango hodari." Akina mama wakaacha kufuta machozi, wakatazamana. Nikarekebisha, "Yaani, alilinda mlango wa nyumba yake," na ningenyamaza hapo ningepona, lakini macho yalishateremka mstari wa chini: "Alioa... aliolewa na mke wake wa kwanza..." Nyuma mtu akakohoa, kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Shemeji," Wambura akanong'ona huku ameuma meno, "unamzika nani?"

Nikaongeza mwendo nimalize nikimbie, na mbio zile ndizo zilizonifikisha penyewe: "Ameacha wajane wawili."

Baba mkwe, mgane wetu mmoja tu, aliyekuwa ameinama tangu asubuhi, akainua kichwa. Na wakati huohuo kidirisha kikubwa kikafunika ukurasa wote, picha ya vijana wanacheka meno yote nje, na mdomo wangu, ambao ulishaacha kusubiri akili, ukasoma kwenye kipaza sauti: "Je, ungependa kuendelea?"

"Hapana, baba," akajibu baba mkwe, taratibu. "Kaa."

Nikakaa. Akasimama yeye, bila karatasi.

"Huyu ni Nyabise," akasema. "Mwaka ule ng'ombe zetu walikufa wote, alilima pamba peke yake, mimi nimelala naumwa, akanunua jike moja. Maziwa ya jike lile ndiyo yamewasomesha hawa." Akanitazama. "Mpira hajawahi kudaka. Watoto ndio aliowadaka, wa kwangu na wa watu."

Watu wakacheka huku wanalia. Nyangeta alilia bila kucheka, na hakunisemesha hadi tulipofika Musoma.

Ile programu sijailipia. Makala zangu zote zimo mle, nazisoma lakini siwezi kuongeza hata nukta, kama mtu anayechungulia nyumba yake dirishani. Nikipita Bunda shemeji zangu wananisalimia, "Mlinda mlango, wajane hawajambo?" Nimeapa sitakubali tena cha bure kabla sijasoma chini, na maisha ya mtu sitayamwagia tena kwenye maisha ya mwingine.

Juzi nikarudi Butiama na karatasi na kalamu, nikamwomba baba mkwe anisimulie tena, niandike. Akaikagua ile kalamu.

"Na hii haitagoma katikati?"

"Ikiisha wino, baba, tunanunua nyingine. Yaliyoandikwa yanabaki yetu."

"Haya," akasema. "Andika. Anza hivi: ameacha mume mmoja."