Vitunguu Vilivyotangulia Viazi

Viazi mviringo vya Kalinzi vina ganda jembamba, na udongo wake hauondoki kwa kuoshwa mara moja. Nilivijua miaka ile ya wakimbizi wa Burundi, nilipopangiwa kufundisha Kigoma na kukodi chumba Katubuka, katika nyumba ya bibi mmoja mzaliwa wa Ujiji. Nilikuwa sijaoa. Nilijipikia mwenyewe uani, kwa jiko la mkaa, na chakula changu cha jioni kilikuwa viazi na vitunguu vya kukaanga, kwa kuwa niliamini hakuna mtu anayeweza kuviharibu.

Niliviharibu kila siku. Nilitia vyote kwa pamoja katika kikaango, nikavikoroga bila kupumzika, na nilichopakua kilikuwa rojo lenye vipande vyeusi. Jirani yangu wa chumba cha pili, mke wa mchukuzi wa bandarini, ambaye nilimwita shemeji, alivumilia kwa wiki mbili.

“Mwalimu,” aliniuliza uvumilivu ulipomwishia, “unapika au unachanganya saruji?”

Akaninyang'anya mwiko. Kwanza, alisema, viazi vikatwe vipande vinavyolingana, vioshwe mpaka maji yaache kuwa meupe, kisha vichemshwe kidogo kwenye maji ya chumvi, kiasi cha kulainika pembeni tu. Vimwagwe maji na kukaushwa kwa kitambaa mpaka viwe vikavu kweli, maana tone moja la maji hugombana na mafuta. Mawese yapate moto mpaka yaache kunuka ubichi. Hapo ndipo viazi hulazwa, kimoja kimoja, pasipo kupandana. Jambo lililonishinda kuliko yote lilikuwa linalofuata: kutofanya lolote.

“Usikiguse. Kikiiva chini kitaachia chenyewe. Ukikivuta kabla hakijataka, ngozi inabaki kwenye chuma, wewe unakula kiazi kilichovuliwa nguo.”

Vitunguu vingoje mwisho kabisa, viazi vikishakuwa na rangi pande zote, kwa sababu kitunguu kina haraka na kiazi hakina. Hivyo ndivyo mama yake alivyopika kwao Burundi. Niliyaandika yote katika daftari, na bibi mwenye nyumba, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni pake, akacheka mpaka ungo ukatikisika.

“Anaandika viazi! Kesho ataandika namna ya kunywa maji.”

Shemeji alikuwa amevuka mpaka kwa njia ya ziwa akiwa na miaka kama kumi na miwili, katika ukimbizi wa mwanzo, ule uliotangulia huu nilioutaja. Ufukweni upande wa Burundi alisukumwa ndani ya mtumbwi uliojaa, mama yake na mdogo wake wa kiume wakabaki nchi kavu. Alilelewa na watu wa Ujiji, akaolewa mjini, akazungumza Kiswahili kama sisi sote. Habari za kifo cha mama yake zilimfikia baadaye. Za mdogo wake hazikumfikia kamwe. Sasa watu walipoanza kuvuka tena kwa maelfu, alishuka ufukweni kila aliposikia kwamba mtumbwi umetia nanga, akawatazama wanaume usoni mmoja baada ya mwingine. Mara moja aliamini kwamba amempata. Alimkumbatia mtu, wote wawili wakalia, na ilipofika zamu ya kuulizana walikotoka wakagundua kwamba kila mmoja alikuwa akimlilia mwingine asiyekuwapo.

Ndiyo maana katekista wa parokia yake alipoleta habari kwamba katika kambi moja upande wa Kasulu yuko mwanamume mwenye jina lile na umri ule, shemeji hakufunga safari.

“Sitamkumbatia mtu tena mpaka nijue ni wangu,” alisema.

Jina halikutosha kuwa ushahidi. Kwao ndugu wa tumbo moja hawalazimiki kuwa na jina la pamoja. Kila mtoto hupewa lake, na lile lilikuwa la wengi. Nikajitolea kumwandikia mwanamume huyo barua yenye swali. Nililipima swali hilo kwa siku mbili. Jina la mama yao lilijulikana na majirani wote. Jina la kilima chao, maana kwao kilima ndicho kijiji, lilikuwa limeandikwa katika faili za kambi. Nilitaka jambo lisiloandikwa popote, na nikaliona: mama yenu alipokaanga viazi, vitunguu alivitia lini? Nakiri kwamba nilijipongeza, kama mtungaji wa mtihani anayejua kwamba hakuna atakayenakili.

Katekista aliichukua barua, akaahidi kumsomea mtu huyo kwa Kirundi. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, limeandikwa kwa penseli, kwa Kirundi. Shemeji hakupelekwa shule, nami Kirundi sikukijua. Tukafanya lililowezekana, yaani nilisoma sauti bila maana, naye akasikiliza maana nyuma ya matamshi yangu mabovu. Kufikia mstari wa tatu aliacha kufua. Kufikia wa tano alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yakimtetemeka.

Niliposoma neno la mwisho sikuthubutu kunyanyua macho.

“Amekosea?” niliuliza.

“Hakujibu hata kidogo.”

“Basi si yeye. Pole, shemeji.”

“Ni yeye, Mwalimu.” Ndipo nikaona kwamba alikuwa akicheka, na machozi yanamtoka. “Anasema atajuaje mama alivyokaanga, yeye alikuwa anafukuzwa jikoni kama kuku. Anachojua ni kwamba mama akienda shamba nilikaanga mimi, nikatanguliza vitunguu, vikaungua. Vile vyeusi nilimwekea yeye, chini ya viazi, ili mama akirudi asivione. Anauliza kama siku hizi nimejifunza.”

Bibi mwenye nyumba alikuwa ameshaweka ungo chini.

“Mmemuuliza mwanamume habari za jikoni! Wewe Mwalimu, na elimu yako yote, mwezi juzi ulikuwa unajua?”

Alinyanyuka, akaenda kumkumbatia shemeji.

Kesho yake shemeji aliwasha jiko mapema, kwani alitaka kuwahi gari la Kasulu la kupitia Mwandiga. Viazi alivikata, akaviosha, akavichemsha, akavikausha, kila hatua kama ilivyo katika daftari langu. Kisha, mafuta yalipopata moto, alichukua vitunguu. Niliunyoosha mkono kumzuia, kwa mazoea ya mwanafunzi aliyekariri.

“Niache, Mwalimu. Vile vya rangi nzuri mdogo wangu havijui.”

Vilichukua rangi ya kahawa, kisha ya mkaa. Alivitoa, akakaanga viazi taratibu, bila kuvigusa mpaka vilipoachia. Nilitaka kumwambia kwamba mvuke utavilainisha njiani. Alilijua hilo kuliko mimi. Akachukua bakuli la bati lenye kifuniko, akatandaza vitunguu vyeusi chini, akavifunika kwa viazi mpaka visionekane hata kimoja.